Shoga, mikono imepata kazi

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu Mama Rehema,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Sisi hatujambo wote. Mama mkwe miguu inamsumbua kidogo na kipupwe hiki, lakini anakula vizuri na maneno yake ni yale yale. Natumaini nawe, baba Rehema na watoto ni wazima, na Dodoma imeanza kuwazoea.

Barua yako niliisoma jikoni, usiku nikairudia kitandani. Pale uliposema kwamba ukishatoka kazini, mkishakula, watoto wakashika madaftari na baba Rehema akawa na taarifa ya habari, wewe unabaki na simu mkononi mpaka usingizi ukuchukue, na asubuhi hukumbuki hata kimoja ulichokitazama, pale nilisimama nikavuta pumzi. Mwaka jana nami nilikuwa hivyo hivyo. Nilidhani ni uchovu. Kumbe kichwa ndicho kilichochoka, mikono haikuwa na kazi yoyote ya kuipenda.

Sasa nasuka ukili, ule utepe mrefu wa majani unaoshonwa kuwa mkeka. Mimi huyu huyu unayenijua.

Sisi tumekulia hapa, tumewaona mabibi barazani na ukili mapajani kila alasiri, tukapita na madaftari yetu kwenda zetu. Hakuna aliyetukataza kujifunza, ila hakuna aliyetuita, na sisi tuliona ni kazi ya waliokosa shule. Basi mama mkwe alipohamia kwetu alikuja na begi moja la nguo na tita la ukindu limefungwa kwenye khanga. Nguo hakuzipanga kwanza. Aliomba beseni, akaloweka ukindu wake, akauliza upepo wa nyumba hii unavuma upande gani.

Nilianza kwa kukaa naye tu, kumwondolea upweke. Kisha siku moja umeme ulikatika baada ya isha. Wanangu wakawasha tochi ya simu, wakammulika bibi yao usoni. Akawaambia waizime. Gizani tukabaki kusikia ule mchakacho wa chane, vile vipande vyembamba vya majani, zinavyopishana, haukupungua wala haukusita. Umeme uliporudi ukili ulikuwa umeongezeka karibu shibiri nzima, na hapakuwa na chane moja iliyokosa njia yake. Nilimwomba usiku ule ule anifundishe.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe, maana ukijua inavyokwenda utaona kwamba si kitu cha kuogopa.

Ukindu ni majani ya mkindu, ule mti wa mabondeni na kwenye kingo za mito. Wanakata yale machanga ya katikati, kabla hayajafunguka. Yanachemshwa, yanaanikwa juani mpaka yaive weupe. Msimu huu yanachelewa kukauka, na yakikaa na unyevu yanaota ukungu, ndiyo sababu mama anachungulia mbingu kila asubuhi kama nahodha. Ya kutia rangi yanafungwa vicha vidogo na kuchemshwa tena kwenye sufuria yenye rangi ya unga. Mama anatia chumvi kidogo, anasema rangi inashika. Sufuria ya rangi ni ya rangi peke yake, haipikiwi kitu kingine, na hilo nakusisitizia kwa sababu najua una sufuria nzuri.

Baada ya hapo ndipo unachana. Jani unalipasua kwa ncha ya kisu au ukucha upate chane nyembamba za upana mmoja. Hapa ndipo kazi yote ilipo, shoga. Mtu anadhani ufundi uko kwenye kusuka, lakini chane zikiwa hazilingani, hata usuke kwa makini ya namna gani ukili utapinda kama mto. Mama alinikalisha kwenye kuchana tu kwa muda mrefu kabla hajaniruhusu kugusa ukili. Ananipa jani, nachana, anazipitisha chane kati ya kidole gumba na cha shahada huku anatazama pembeni, anaziweka mafungu mawili. Haelezi. Nikamwuliza unajuaje, akanishika mkono, akazipitisha zile zile kwenye vidole vyangu, na kweli nilisikia: hii nene, hii nyembamba, hii inafaa.

Kusuka kwenyewe hakuna siri kubwa. Chane ya ukingoni unaikunja irudi ndani, inapita juu ya mbili, inazama chini ya mbili, inaendelea hivyo mpaka ikutane na wenzake, kisha unakwenda ukingo wa pili. Mama hakunianzishia mwanzo. Alinipa ukili wake mwenyewe uliokwishaanza, akasema, "Fuata njia, usiiburute." Ndipo nikaelewa kwamba mwanzo ni wa mjuzi, mwanafunzi anapewa njia iliyokwishafunguliwa. Ukitaka nakshi, unatia chane za rangi mahali pake, na mstari unajitokeza wenyewe unatembea mshazari. Mara ya kwanza kuuona mstari wa zambarau ukitembea kutoka kwenye vidole vyangu nilimwita kila mtu aliyekuwa ndani ya nyumba.

Ukili ukirefuka unazungushwa duara na kupimwa kwa pima, yaani mikono miwili iliyonyooshwa, dhiraa 4. Mkeka wa kulala mtu mmoja, kwa ukili wa vidole vitatu, unameza zaidi ya pima 20. Kisha unashonwa kwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, ukingo kwa ukingo, hadi usione palipoungwa. Mimi sijafika huko. Nimemaliza kitanga, ule mkeka mdogo wa duara wa kulia chakula, hicho kinashonwa kwa kuzungushwa kutoka katikati, na sasa tunakitandika kila Ijumaa tukila chini.

Lakini hiki ninachotaka ukijue zaidi ni kilichoipata nyumba.

Tangu tuanze, baada ya kula watu hawatawanyiki. Tunakaa ukumbini, mama na mimi na ukindu wetu ndani ya kitambaa kibichi usikauke, na hao wengine wanakuja mmoja mmoja bila kuitwa. Mikono ikiwa na kazi, mazungumzo nayo yanakuja yenyewe, kwa sababu hamtazamani usoni. Mama mkwe nimeolewa kwa mwanawe miaka yote hii, tukiheshimiana vizuri, salamu na chakula na zawadi za Idi. Lakini ni kwenye ukili ndipo aliponisimulia siku alizowekwa ndani kabla ya kuolewa, na somo wake alivyomfundisha kusuka katika chumba ambacho dirisha lake lilikuwa halifunguliwi. Akanitolea na mkeka alioingia nao kwa mumewe. Umechakaa kwenye mapindo, lakini wekundu wake bado uko. Upande mmoja nakshi ni nyembamba, upande wa pili inapanuka, kwa sababu upande wa pili, anasema, aliusuka yeye wakati somo alipougua na kumwachia peke yake, naye akaamua kufanya anavyotaka.

Binti yangu mkubwa hakutaka ukindu. Yeye kashika hina. Anajifunza maua kutoka kwenye video za simuni, anachanganya unga wa hina kwa maji ya ndimu na sukari kidogo, anauacha ulale, anautia kwenye koni ya plastiki na kuchora mikononi mwa wadogo zake. Mistari yake imenyooka kuliko mwandiko wake wa shule. Nimemkataza jambo moja tu, ile piko nyeusi wanayochanganya na rangi ya nywele, maana imewaunguza ngozi wengi. Hina safi inatosha, na wekundu wake ukikolea siku ya pili hakuna kinachoushinda.

Baba watoto naye kaingia jikoni, mkate wa kumimina. Analoweka mchele tangu usiku, anasaga na tui la nazi, hamira, iliki. Anakaa mbele ya bakuli akisubiri uumuke, na haruhusu mtu kufungua mlango wa jikoni kwa nguvu. Unatoka vizuri, wallahi.

Sasa nikuambie lililonikera, kwa sababu wewe utaambiwa vile vile ukianza. Hakuna aliyekiona kitanga changu asiniulize, "Utauza shilingi ngapi?" Wifi kanishauri nifungue ukurasa mtandaoni, jirani kaniambia ni fursa, kazini mtu kaniagizia kabla hata sijajua kupinda ukingo. Wana nia njema na maisha ni magumu, siwalaumu. Lakini nimekataa, na nakuomba nawe ukatae, angalau mwanzoni. Kitu kikishawekewa bei kinakuwa kazi, na kazi tunayo, shoga, wewe na mimi, kuanzia saa 1 na nusu asubuhi. Hiki nataka kibaki pale ninapoweza kufumua shibiri mbili kwa sababu tu sikupenda zilivyokaa, bila mtu kunisubiri wala kunidai.

Na kuna jingine. Wako kina mama wanaoishi kwa kazi hii. Wa Rufiji mikeka yao ya ukindu inasifika kote, na hapa kwetu wanakuja sokoni na majamvi na vikapu vya miyaa vimefungwa juu ya baiskeli. Mikeka ya plastiki imewabana vibaya, kwani ni rahisi, inafutika, ina rangi za kuvutia. Nilikuwa nami nasimama mbele ya mama wa watu nikimwambia apunguze, apunguze tena, kama desturi yetu. Sasa nimejua pima moja inakula jioni ngapi. Siku hizi nikiutaka mkeka naulizia bei, ninayo natoa, sina naondoka kwa salamu. Sioni vipi mtu aliyewahi kushika chane anaweza kumkaba mwenzake kwa shilingi elfu mbili. Na mimi mwenye mshahara nikianza kuuza vyangu kwa bei ya kujifurahisha, nitakuwa nimemharibia nani soko?

Basi hiyo ndiyo fikra yangu, na unaweza kunibishia, nakujua.

Huko uliko ukindu labda ni shida, lakini Iringa si mbali nawe, na kina mama wa Kihehe wanasuka vikapu vya milulu, ile nyasi ya majimajini, vizito vizuri vinavyosimama vyenyewe. Jaribu kuulizia hapo ofisini kwako, kwenye watu wengi waliohamia kutoka kila mkoa hakosekani mmoja ambaye mama yake au shangazi yake anajua. Mwombe akufundishe yeye mwenyewe, uso kwa uso. Video inafaa kwa hina, kwa sababu hina ni jicho. Ukili unataka mtu akushike mkono.

Na kama hutampata, nitakuletea mwanzo mimi. Mama amekubali. Ijumaa ijayo naweka kwenye basi furushi lenye kicha kimoja cha ukindu mweupe, kicha kimoja cha zambarau, na ukili aliokuanzishia mwenyewe, urefu wa dhiraa moja, ili ufuate njia. Furushi ukilipokea usilifungue kwa haraka ukaanza kusuka. Loweka chane za siku hiyo tu, zikunje kwenye kitambaa kibichi, anza na vidole vikiwa vimepumzika. Kidole gumba kitauma siku za mwanzo, halafu kitazoea. Rehema akitaka kujaribu mpe zile chane pana, mikono ya watoto inazimudu. Baba Rehema akicheka, mwambie aje aulize kwetu nani anapika mkate.

Nijibu mambo mawili. La kwanza, basi gani linafika kwenu mchana, nisije nikakutoa nyumbani usiku kufuata furushi. La pili, sebule yenu mpya ina upana gani kutoka mlangoni hadi ukutani. Pima kwa mkono wako, kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole, uniandikie ni dhiraa ngapi. Mama ndiye anayeuliza, na hataki kunieleza sababu.

Wasalimie wote, na Rehema umwambie shangazi yake anamkumbuka.

Wako akupendaye,
Mama Salma