Barua ya Wazi kwa Vijana wa Chama cha Kuzikana: Deni la Maiti Litangulie Sufuria ya Hitima

Wanangu wa chama chetu cha kuzikana, hapa Ngamiani na mitaa ya jirani,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nimeosha maiti wa mtaa huu kwa zaidi ya miaka 30, na sasa magoti hayaniruhusu tena kushuka kaburini. Nakaa pembeni nikiwaangalia mnavyochimba mwanandani, ule uwazi wa ndani ya kaburi wa kulazia maiti, na kupokezana jeneza, nami nawaombea. Katika kuosha, kukafini, kusalia na kuzika sina la kuwasahihisha. Lililonifanya nishike kalamu ni lile linalofuata baada ya kufukia.

Pale kaburini mmoja wa jamaa husimama akatangaza: "Mwenye kumdai marehemu awaone warithi." Tangazo hilo tumelizoea hata limekuwa kama sehemu ya dua. Watu hunyamaza, kwani ni nani atakayeinua mkono kudai mbele ya udongo mbichi? Kisha tunarudi matangani, na swali la kwanza linakuwa mchele wa hitima, kile kisomo cha kumwombea marehemu, ni kilo ngapi na mbuzi wangapi watachinjwa.

Sisi tunaamini kwamba aliyekufa hajaisha. Qurani katika sura ya Al-Muuminun, aya ya 100, inataja barzakhi, kizuizi kilicho mbele ya wafu hadi siku watakapofufuliwa. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba maiti husikia vishindo vya viatu vya waliomzika wanapoondoka, ndipo malaika wawili humjia kumuuliza. Nimekuwa nikiikumbuka hadithi hiyo kila ninapokuwa mtu wa mwisho kutoka makaburini, nami hutembea polepole.

Katika safari hiyo, deni ni mzigo mzito. Mtume alisema kwamba nafsi ya muumini huning'inia kwa deni lake mpaka lilipwe, na kwamba hata shahidi husamehewa kila dhambi isipokuwa deni. Siku moja aliletewa jeneza la mtu aliyekufa akidaiwa dinari chache bila kuacha cha kuzilipia, naye akawaambia masahaba wamsalie wenyewe. Abu Qatada, mmoja wa masahaba hao, aliposema, "Deni lake ni juu yangu," ndipo Mtume akamsalia. Katika mapokezi mengine imeelezwa kwamba Mtume alimfuatilia Abu Qatada hadi huyo akamjibu kuwa amekwisha kulipa, ndipo Mtume akasema kwamba sasa ngozi ya maiti yule imepoa. Tazameni uzito wa dinari mbili au tatu.

Mnapohesabu madeni msiishie dukani. Deni kubwa la wanaume wengi wa kwetu limo ndani ya nyumba zao wenyewe, nalo ni mahari. Mume alitaja kiasi mbele ya mashahidi, akatoa sehemu, iliyobaki ikaahirishwa, miaka ikapita. Akifa, mjane huingia eda, muda wake wa kungoja kabla ya kuweza kuolewa tena, ya miezi minne na siku kumi huku watu wakigawana mali, wala hakuna anayemuuliza kama alilipwa. Hiyo ni haki yake kama mdai mwingine yeyote, na hutolewa mbali na fungu lake la mirathi. Niliwahi kumwosha fundi mmoja ambaye mkewe, siku ya tatu ya matanga, alininong'oneza kwamba hajapata kuishika hata nusu ya mahari yake, naye anaona haya kusema. Nilikaa kimya siku ile. Kimya hicho bado kinaniuma.

Utaratibu wa mali ya marehemu unajulikana: gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wagawane. Karamu haimo. Sisemi hitima isisomwe. Mjadala huo nawaachia masheikh. Nasema kwamba mbuzi anayenunuliwa kwa fedha za marehemu aliyeacha watoto wadogo ni mali ya mayatima, na aya ya 10 ya sura ya An-Nisaa imeonya kwamba wanaoila kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao. Jaafar bin Abi Talib, binamu wa Mtume, alipouawa katika vita vya Muta, mwaka wa 8 wa Hijria, Mtume aliamuru watu wa Jaafar wapikiwe chakula. Leo wafiwa ndio wanaotupikia sisi.

Basi nawaomba chama kiweke watu wawili waaminifu, mwanamume na mwanamke, wapite kwa wafiwa na kwa majirani ndani ya siku tatu, waulize taratibu nani anadai, waandike, na kumuuliza mjane kuhusu mahari yake akiwa peke yake. Mfuko wa chama uanze na deni la asiyeacha kitu, kabla ya mchele.

Daftari langu limo katika sanduku lililo chini ya kitanda. Nadaiwa shilingi 140,000 za mbao, na mama yenu namdai radhi tu, kwani mahari yake nilimmalizia mwaka jana mbele ya mwanangu mkubwa.

Mzee wenu, mwosha maiti