Zainabu, nimechagua watoto wenye saratani

Arua, Jumapili jioni

Mpendwa dada Zainabu,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya pamoja na shemeji na watoto, na kwamba kifua cha Hajati kimepata nafuu tangu alipohamia kwako. Sisi huku hatujambo. Mvua imekuwa ya kutosha, mihogo imestawi, na Bibi angali anakutumia salamu kwa kila anayepanda basi la Kampala, hata kama mtu huyo hakujui. Nimetaka kukuandikia tangu Idi, lakini nilikuwa nikingoja jambo moja la nyumbani limalizike, na sasa naona halitamalizika bila wewe.

Mzee alinipa muda wa kufikiri kama nitakwenda kusomea ukunga, kama ukoo ulivyokubaliana, na nimekwisha kumjibu. Nimemwambia kwamba shuleni nitarudi, lakini nitasomea diploma ya uuguzi, na baada yake nitatafuta mafunzo ya kuwahudumia watoto wenye saratani, na kwamba hiyo ndiyo kazi ninayotaka kuifanya mpaka nistaafu. Hakunigombeza. Alinyamaza, akaomba maji ya kutawadha, na tangu siku hiyo tunazungumza habari za mbuzi na bei ya saruji tu. Shangazi wa Koboko, ambaye hakuulizwa, amesema wodi ya watoto wenye saratani ni mahali pa kungojea mazishi, na kwamba msichana akikaa humo miaka miwili moyo wake utakauka. Mama amelichukua neno hilo na analirudia kila jioni.

Uamuzi huu, dada, nimeufikia polepole, na aliyenifikisha ni mtoto. Unamfahamu yule mama anayeuza samaki wakavu karibu na msikiti, mdogo wake marehemu Fatuma. Alimleta mwanawe wa mwisho katika kituo chetu cha afya akiwa na shavu lililovimba, na alikuwa amekwisha kupita kwingi: kwa mzee mmoja aliyemchanja chale, na katika kliniki moja ambako mtoto aling'olewa gego na kupewa vidonge kwa maelezo kwamba hilo ni jipu la jino. Nilipouinua mdomo wake wa juu kwa kidole, magego yaliyobaki upande ule yalicheza yote, ufizi ulikuwa umejaa hadi kuyasukuma nje ya mstari, na jicho lilikuwa limeanza kutokeza hata kope hazikufunga sawasawa. Mwenye jipu la jino hulia ukimgusa; huyu alinitazama tu, akaendelea kuishika ndara yake mkononi. Inchaji wetu, mkuu wa kituo, alitambua mara moja kwamba huenda ikawa limfoma ya Burkitt, saratani ambayo uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, kwa hiyo hapakuwa na habari ya kungoja Jumatatu. Mama hakuwa amewahi kuvuka daraja la Pakwach. Aliomba nimsindikize, nikapewa ruhusa, tukaenda Gulu, katika hospitali ya Lacor.

Mpaka wakati huo niliamini kwamba mbele ya saratani kazi yote ni ya daktari. Daktari ndiye aliyekata kipande cha uvimbe kipelekwe maabara, na ndiye aliyepanga dawa. Hilo halina ubishi. Lakini usiku na mchana vilikuwa vya wauguzi. Namkumbuka sista mmoja akiuinua mtungi wa mkojo wa yule mtoto usawa wa macho yake karibu na dirisha, akaandika namba kwenye karatasi, akalinganisha na namba ya saa zilizopita, kisha akaongeza kasi ya dripu. Nilimwuliza kwa nini anahesabu mkojo kwa uangalifu namna ile. Akanieleza kwamba uvimbe huu unapopigwa na dawa, seli zake hufa nyingi kwa pamoja, na taka zake zinaweza kuziba figo za mtoto katika siku zilezile ambazo shavu linaonekana kupungua. Baadaye niliona wauguzi wawili wakisomeana lebo kwa sauti kabla ya kudunga vinkristini, kwa sababu dawa hiyo ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama ya mkono, na ikiingizwa kimakosa katika uti wa mgongo huua; wala haiwekwi pamoja na methotreksati, dawa nyingine, ambayo hudungwa mgongoni. Nilisimama pale nikatambua kwamba maisha ya mtoto yule yanapita katika mikono ya watu wenye cheo kama changu, na kwamba kuna elimu nzima ambayo sijaipata na ambayo naitaka.

Baada ya siku chache jicho lilirudi mahali pake. Mtoto aliomba posho na samaki, na mama yake akafunga mzigo.

Hapa ndipo ninapotaka usome taratibu, kwa maana hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Yule mama hakuwa mjinga, wala hakukosa mapenzi. Uvimbe ulikuwa umetoweka mbele ya macho yake. Nyumbani ameacha watoto wengine kwa jirani. Msimu wa kupalilia ulikuwa unapita. Fedha za nauli alizokopa zilikuwa zinaisha. Na hapa anaambiwa kwamba mtoto anayecheza mpira wa matambara uani bado ana ugonjwa ndani yake na anahitaji duru nyingine za dawa, zile zinazomtapisha na kumng'oa nywele. Mwambie mtu yeyote habari hiyo uone kama hatafunga mzigo. Sista yule hakumhubiria wala hakumtisha. Alikaa kitandani, akamwuliza kwa Kiswahili ni nani anayelima sasa, ni nani anayewapikia watoto, ana deni la nani. Kisha akamwuliza, ukikata magugu juu tu ukaacha mizizi, wiki ijayo utakuta nini shambani? Mama akakaa kimya, akafungua mzigo. Siku iliyofuata tukampigia simu shemeji yake, mambo ya nyumbani yakapangwa, na mtoto alimaliza duru zote. Nywele zimeota tena. Bado anarudi Gulu kuchunguzwa, na sitasema amepona kabla wenye kazi yao hawajasema, lakini juzi nilimwona akikimbiza tairi barabarani.

Kama mzigo ule ungefungwa usiku, wakati sista yule hayupo, mtoto angerudi Arua na uvimbe ungemfuata.

Ndiyo maana maneno ya Shangazi hayanitoki kichwani. Wodi ya mazishi? Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 katika kila 100 wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi zenye kipato kama chetu hawafiki 30. Ugonjwa ni uleule. Linaloleta tofauti hiyo ni kuchelewa kufika, kutajiwa ugonjwa usio wenyewe, dawa kukosekana, madhara ya dawa kutoangaliwa vizuri, na matibabu kuachwa katikati. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau watoto 60 katika 100 duniani wawe wanapona. Soma tena sababu hizo, dada, uone ni ngapi zinapita mlangoni kwa muuguzi. Mtoto mwenye weupe ndani ya mboni ya jicho, unaoonekana taa ikimmulika, ambao huenda ni saratani ya jicho, huonwa kwanza na nani kama si muuguzi wa chanjo? Mtoto ambaye mama anamwosha na kuhisi kitu kigumu tumboni upande mmoja, huletwa kwanza wapi kama si kwenye kituo kama chetu, ambako anaweza kupewa dawa ya minyoo na kurudishwa nyumbani mpaka uvimbe ule wa figo uwe umejaza tumbo zima?

Mzee yeye ana hoja nyingine, na naiheshimu zaidi kuliko ya Shangazi. Anasema saratani ya watoto ni mambo ya Ulaya, na kwamba nitasomea ugonjwa ambao hospitali zetu hazina habari nao. Hili linaniuma, kwa sababu ulimwengu uliufahamu ugonjwa huu wa Burkitt kutoka kwetu. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji pale hospitali ya Mulago, Kampala, alipouandika mwaka 1958. Mwaka 1961, alipozunguka Afrika kwa gari kilomita zipatazo 16,000 akitafuta mahali ugonjwa unapopatikana, mmoja wa wenzake wawili garini alikuwa daktari Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, hapa hapa kwetu, njia ya kwenda Nebbi. Vipande vya uvimbe vilivyotoka Uganda ndivyo vilivyowawezesha wanasayansi Epstein, Achong na Barr kuviona virusi vinavyohusishwa na ugonjwa huu mwaka 1964 huko London. Taasisi ya Saratani pale Mulago ilianza mwaka 1967 kwa ajili ya ugonjwa huu, na Charles Olweny na madaktari wenzake wa Uganda waliiendesha katika miaka ile ambayo wageni wengi walikuwa wameondoka.

Na kuna jambo ambalo Mzee mwenyewe ameligusa kwa mkono wake. Kati ya mwaka 1972 na 1974 watafiti walipita vijijini katika eneo letu la West Nile wakichukua damu ya watoto wapatao 42,000, ili wangoje waone ni watoto gani wataugua ugonjwa huu na damu yao ilikuwa na nini kabla ya kuugua. Unakumbuka hadithi yake ya gari jeupe, sindano, na kaka yake aliyejificha ghalani? Kwa umri wake na kijiji chake, sioni gari jingine linaloweza kuwa ndilo. Damu ya Mzee huenda ni sehemu ya elimu hii, naye ananiambia ni mambo ya Ulaya. Nilitaka kumweleza hivyo, lakini mimi ni mtoto wake, na kila nikianza sauti inatetemeka, naishia kuondoa vyombo.

Sitakuficha pia upande mzito. Kuna watoto ambao hawatapona, na nitawafahamu kwa majina. Nimelifikiria hilo usiku mwingi. Lakini hata hapo muuguzi wa Uganda ana uwezo ambao wenzake wa nchi nyingi hawana, kwa sababu tangu mwaka 2004 sheria yetu inamruhusu muuguzi aliyesomea huduma ya kupunguza mateso ya wagonjwa kuandika mwenyewe mofini, dawa kali ya maumivu, ile ya maji inayonyweka, bila kungoja daktari ambaye huenda yuko wilaya nyingine. Hospice Africa Uganda wamekuwa wakifundisha kazi hiyo tangu miaka ya tisini. Mtoto ambaye hatupati kumponya halazimiki kufa akilia. Shangazi anasema moyo utakauka. Mimi naona ungekauka zaidi kama ningejua kwamba kazi hii ipo nikaikimbia.

Tena kuna suala la lugha. Wewe ndiye uliyenieleza jinsi akina mama wa kutoka kwetu wanavyokaa pale Mulago wakiitikia kwa kichwa kila wanachoambiwa, kwa sababu Kiluganda hawakijui, na Kiingereza hawakijui, na wanaona haya kusema. Mimi nina Kilugbara, Kinubi na Kiswahili, na Kiluganda cha kuombea njia nitakiongeza. Kumweleza mama kwa lugha anayoisikia kwamba homa ya mtoto aliyetoka kupewa dawa hizi haingojewi mpaka asubuhi, hiyo peke yake ni tiba.

Sasa mpango wangu. Nina cheti cha uuguzi na nina uzoefu wa kazi, kwa hiyo nataka kuomba masomo ya kuendeleza cheti kufikia diploma, ambayo ni kama mwaka mmoja na nusu, kisha nitafute nafasi mahali wanapotibiwa watoto, iwe Mulago, Lacor au Mbarara, nijifunze kazini huku nikitafuta mafunzo ya saratani yenyewe. Akiba yangu inatosha kuanza, haitoshi kumaliza. Sitaki Mzee auze shamba. Nataka aniombee dua na asinyamaze.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. La kwanza, umpigie simu. Anakusikiliza tangu ulipomsimamia Mjomba hospitalini, na mtu wa Kampala akisema jambo, hapa huonekana limepimwa. Usimbembeleze, mwulize habari za gari jeupe, umwache asimulie. La pili, unipokee kwako nitakapokuja kufanya usaili, hata kama ni kulala chini na watoto.

Nina maswali pia. Je, yule jirani yako anayefanya kazi Taasisi ya Saratani bado yuko wodi ya watoto, na anaweza kuzungumza nami kwa simu jioni moja? Waliingiaje yeye na wenzake: walipangiwa tu au waliomba? Wanapewa mtu wa kuzungumza naye mtoto anapofariki, au kila mmoja hubeba mzigo wake mwenyewe nyumbani? Vyumba vya Kawempe vinapangishwa kwa kiasi gani sasa? Hajati atakasirika nikiuacha ukunga, yeye aliyenitabiria tangu nikiwa mdogo kwamba nitazalisha wajukuu zake? Na wewe mwenyewe, ungekuwa mimi, ungengoja Mzee akubali kwanza, au ungetuma fomu?

Fomu ninayo, nimeijaza kwa penseli. Jibu lako mpe huyu dereva aliyekuletea barua. Anarudi Arua Alhamisi.

Nisalimie wote,

Mariamu