Barua ya wazi kwa Afisa Utamaduni wa wilaya yetu: tuachie shimo la embaire

Mheshimiwa Afisa,

Salamu kutoka kwa kwaya. Mwezi uliopita ulikuja na gari la serikali, ukapima kanisa letu kwa utepe ndani na nje, ukapiga picha kengele, ukanywa soda ya akina mama, ukaondoka. Tulifurahi kweli. Si kila siku mtu wa ofisi anafika huku kwetu bila kuomba kura.

Jumatano iliyopita ikabandikwa barua yako kwenye mlango wa chumba cha mchungaji. Kurasa mbili za Kiingereza, muhuri chini. Mzee wa kanisa aliisoma, akairudia, kisha akatuma kijana wa boda aje kunichukua shuleni ninakofundisha Kiswahili. Nilimfasiria pale pale mlangoni, kifungu kwa kifungu. Nilipofika cha nne alivua miwani, akauliza, "Wote?" Nikamjibu, mzee, imeandikwa ni marufuku kuchimba uwanja wa kanisa kwa sababu yoyote, maana kanisa linaandaliwa kuingia kwenye orodha ya mambo ya kale.

Pengine wakati unaandika ulikuwa unawafikiria wachota mchanga. Au wale jamaa wanaozunguka usiku na mashine za kutafuta dhahabu iliyofichwa na wazungu, ambao kwa kweli wametusumbua. Kwa hao tuko pamoja nawe. Lakini sisi tuliposikia neno kuchimba tulijua kinachoguswa ni shimo la embaire, na ndiyo sababu nimekaa kukuandikia.

Najua wewe si mtu wa Busoga, huku kwetu mashariki mwa Uganda, kwa hiyo niruhusu nieleze. Embaire ni marimba makubwa ya mbao. Mbao zake tunazichonga kwenye mti wa nsambya, nene kama paja kwa upande wa sauti nzito, zikipungua hadi kufikia unene wa mkono wa mtoto. Hatuzifungi kwenye fremu. Tunachimba shimo la kina cha goti, refu kuliko mtu aliyelala, tunalaza vigogo viwili vya mgomba kando zake, halafu mbao zinapangwa juu zikikatiza shimo. Watu sita wanakaa, watatu huku, watatu kule, wakitazamana. Kila mmoja ana kipande chake kifupi anachokirudia, na ukimsikiliza peke yake utadhani hajui kupiga. Wimbo unatokea katikati yao. Hakuna hata mmoja wa wale sita anayeupiga wimbo wenyewe.

Sasa toa shimo. Nimejaribu, sikuambii kwa kubahatisha. Mwaka juzi mvua ilijaza maji kwenye shimo, tukaziweka mbao juu ya sakafu ya kanisa kwenye vigogo vilevile. Zililia kama fito zinazogongwa kwenye meza. Zile mbao nzito hazikusikika kabisa, na mama mmoja wa kiti cha mbele aliniuliza baadaye kama tulikuwa tunafanya mazoezi. Shimo ndilo tumbo la ngoma hii. Na likishatumika tunalifukia jioni hiyohiyo, tunakanyaga, tunarudisha majani. Ulipopita na utepe wako ulikanyaga mahali penyewe mara nne, nilikuhesabu, na hukuona kitu.

Utaniuliza kwa nini ni lazima iwe kanisani. Hapo inabidi nirudi nyuma kidogo.

Tarehe 29 Oktoba 1885 Askofu James Hannington aliuawa hapa Busoga, kwenye nchi ya chifu Luba, kwa amri ya Mwanga, Kabaka, yaani mfalme, wa Buganda. Alikuwa amekuja kwa njia ya mashariki, na Buganda iliogopa mgeni anayeingia kwa mlango huo. Hayo yako vitabuni, na kila mwaka watu wanakwenda Kyando kumkumbuka. Ambalo halisemwi kwa sauti ya kutosha, kwa maoni yangu, ni kwamba hakufa peke yake. Alifika Busoga na watu kama 50, wapagazi waliotoka naye pwani, na waliopona unaweza kuwahesabu kwa vidole. Kikosi kingine kikubwa alikuwa amekiacha nyuma kwa Sundu, pale tunapopaita Mumias leo, chini ya William Jones, mtu aliyeokolewa utumwani, ambaye Hannington mwenyewe alimfanya shemasi mwaka huohuo. Jones ndiye aliyewarudisha waliobaki hadi Rabai, karibu na Mombasa. Wapagazi wale waliitana kwa Kiswahili, walipika na kugombana na kusali kwa Kiswahili, na nina hakika ndiyo lugha waliyolia nayo siku ile.

Kiswahili hakikuingia kwenye dini ya nchi hii na askari wa vizuizi vya barabarani, kama watu wanavyopenda kusema. Yule msafiri Stanley alipoondoka kwa Kabaka Mutesa, baba yake Mwanga, mwaka 1875 alimwacha Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa na misheni ya Zanzibar, ambaye alimsomea Kabaka maandiko kwa Kiswahili, na hilo lilikuwa kabla mmisionari yeyote wa Kiingereza hajakanyaga Buganda. Miaka kumi baadaye, tarehe 31 Januari 1885, vijana watatu, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, walichomwa moto Busega. Wamisionari wa wakati ule waliandika kwamba walikwenda wakiimba "Killa siku tunsifu", nimeacha tahajia ya enzi hizo. Wimbo wa Kiswahili, Mheshimiwa, vinywani mwa vijana wa Buganda. Biblia ya Kiluganda ilikuja baadaye, na aliyeifanyia kazi kubwa, George Pilkington, naye alikufa hapahapa Busoga, Desemba 1897, kwenye vita vya ngome ya Luba. Ardhi hii imekula watu wa vitabu.

Basi Jumapili inayofuata Oktoba 29, baada ya wenye nauli kurudi kutoka Kyando, sisi tunafanya ibada yetu kwa ajili ya wapagazi. Haimo kwenye kalenda ya dayosisi. Ilianzishwa na akina mama wa umoja wao, kwa sababu hapa kanisani wengi wetu ni watu waliofuata mzigo: wavuvi wa mwaloni kutoka upande wa Busia, waliokata miwa Kakira hadi migongo ikakataa, askari mstaafu wa Arua aliyeoa hapa, familia mbili za Wakongo. Wasoga nao wapo, bila shaka, ndio wenye ardhi na ndio wenye embaire. Tukikaa pamoja lugha inayotufikisha mwisho wa sentensi ni Kiswahili.

Kazi yangu ilikuwa kuuchukua ule wimbo wa vijana wa 1885 na kuuweka juu ya embaire. Ilinichukua miezi. Sauti za embaire ni tano tu ndani ya oktava moja, zimegawana nafasi karibu sawasawa, na ile tuni ya kizungu ina ngazi ndogondogo ambazo ubao wetu hauna. Kinanda cha umeme na embaire ukivipiga pamoja, mbwa wa mchungaji anatoka nje. Mwishowe nikaiacha tuni. Nikawaambia waimbaji wayaseme maneno polepole kama wanaongea na mtu wa ng'ambo ya barabara, nikasikiliza sauti inapanda wapi na kushuka wapi, na mpiga embaire wetu mkubwa, mzee wa miaka sabini na kitu asiyejua kusoma, akazitafuta zile sauti kwenye mbao huku amefumba macho. Alipozipata alisema, "Kumbe ulikuwa humu." Hatukusema kitu muda mrefu.

Ndiyo maana shimo linachimbwa pale, hatua kumi kutoka mlango wa magharibi, ili kwaya iimbe mlangoni na waliojaa uwanjani wasikie. Lingechimbwa kwa jirani, ingekuwa ngoma ya jirani.

Mheshimiwa, unajua vizuri kuliko mimi kwamba mwaka 2012 UNESCO iliingiza bigwala, baragumu za vibuyu za Busoga, kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Kila baragumu hutoa sauti moja, kwa hiyo mtu mmoja hana wimbo mpaka wenzake waje. Wapigaji walikuwa wamebaki wazee wachache, na hata mbegu za vile vibuyu virefu zilikuwa zimeadimika, ikabidi watu waanze kwa kulima. Wewe mwenyewe uliligusia jambo hilo ulipozungumza na wazee, na ulizungumza vizuri. Sasa nashindwa kuelewa ofisi inayolia vibuyu vimepotea inawezaje kupiga marufuku shimo kabla halijapotea.

Kama ni hatari kwa jengo, hatari ipo, ila uliipita. Nenda ukuta wa kusini. Matofali yale wazee walifyatua na kuchoma wenyewe, ni laini, na waliyajenga kwa udongo. Miaka michache iliyopita mkandarasi mmoja, kwa nia njema na pesa za harambee, aliupiga ukuta huo plasta ya saruji ili upendeze. Saruji ngumu juu ya tofali laini inafungia unyevu ndani. Maji yanayopanda kutoka chini hayana pa kutokea, yanatafuna tofali kwa nyuma. Ukigonga pale kwa kifundo cha kidole unasikia uwazi, na ukichokonoa kwa kijiti uso wa tofali unaanguka kama unga wa muhogo. Kuta tatu ambazo hakuwa na pesa ya kuzipiga plasta ni nzima. Halafu kwenye barua yako, kifungu cha saba, unapendekeza kanisa lote lipigwe saruji na kupakwa rangi nyeupe kabla ya wageni kuja. Tafadhali, kabla ya hilo mtafute fundi anayejua chokaa. Mafundi hao wapo.

Mengine nitayapita haraka. Kelele: tumekubali, spika zizimwe saa nne usiku, na sisi kwenye embaire hatutumii spika. Kiingilio kwa watalii: toza, lakini Jumapili mlango uwe wazi, maana sioni nitakavyomweleza bibi yangu kwamba anunue tiketi ya kusali. Mnada wa mavuno unaosema haufai kwenye eneo la kihistoria: hapo sikubaliani nawe kabisa. Mwaka jana fenesi moja liliuzwa mara tano. Kila aliyelinunua alilirudisha liuzwe tena, wa mwisho akampa mjane aliyelileta, naye akaondoka nalo kichwani akicheka, na mabati matatu ya paa yakawa yamepatikana. Hujawahi kuuona, ndiyo maana umeandika vile.

Na kengele uliyoipiga picha ni kipande cha reli, ambacho wazee husema kilitoka kwenye njia ya zamani ya Jinja hadi Namasagali, iliyofunguliwa 1912. Kwenye orodha yako umeandika "chuma chakavu." Naomba irekebishwe.

La mwisho ni lugha. Katiba yetu tangu marekebisho ya 2005 inataja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali kifundishwe mashuleni kwa lazima. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, mimi na wanafunzi wangu tunatundika mabango na kuimba. Halafu barua ya kuwakataza watu jambo inabandikwa kwa lugha ambayo katika wazee kumi na wawili wa kanisa wanaisoma wawili. Andika Kisoga, andika Kiswahili, vyovyote. Askari mstaafu niliyemtaja alifikiri ni tangazo la kunadi kanisa, akaenda kumpigia simu mwanawe Arua.

Tunachoomba ni idhini ya maandishi ya kuchimba na kufukia shimo moja kila mwaka, mahali palepale, na kifungu cha saba kisitishwe hadi fundi wa chokaa afike. Saini zimo kwenye karatasi iliyoambatanishwa, na wasiojua kuandika wameweka dole gumba kwa wino wa shule.

Mwaka huu tutachimba Jumamosi saa kumi jioni, siku moja kabla ya ibada. Njoo kama una nafasi. Kama mvua imenyesha ingia kwa upande wa shule, barabara ya chini hainywi maji na gari lako ni refu. Jembe tunalo la ziada.

Wako,
Mwalimu wa kwaya