Barua kwa wanangu mnaozamia kwa mitungi

Wanangu wazamiaji wa majongoo bahari na kamba, kuanzia Vanga hadi Mafia, assalaam aleikum.

Siku hizi mnashuka na mtungi wa hewa mgongoni, lakini mafunzo mliyonayo ni yale tuliyowapa sisi wazee: vuta pumzi, ibane, zama, rudi. Kwa anayezama kwa pumzi yake, ni mafunzo sahihi. Kwa mwenye mtungi yanaua.

Chukueni chupa tupu ya plastiki, mfunge kizibo barabara, mshuke nayo. Mkifika mita 10, kama pima tano na nusu, mtaiona imebonyea. Hewa yake imebaki nusu, kwa sababu mgandamizo huko ni maradufu ya wa juu. Robert Boyle aliandika kanuni hiyo mwaka 1662. Mkipanda, chupa inafutuka tena. Mapafu ya asiye na mtungi ni vivyo hivyo: lita 6 huwa 3, kisha hurudi 6.

Kuvuta pumzi ni kazi ya kiwambo kilicho chini ya mapafu. Kinashuka, mbavu zinapanuka, mgandamizo wa ndani unapungua kidogo, hewa inaingia. Kidogo kweli kweli. Ndiyo maana vijana wanaojaribu kupumua kwa mpira mrefu kutoka juu, wakifika mita moja na nusu tu, kifua kinawagomea. Mtungi unakupa hewa yenye mgandamizo sawa na wa maji yanayokuzunguka, hivyo unajaza lita 6 kamili huko mita 10. Ukizibana ukapanda, zinataka kuwa 12. Utaziweka wapi? Mapafu yanachanika, hewa inapenya kwenye damu, inafika ubongoni. Na pima za juu ndizo mbaya zaidi: kutoka mita 30 hadi 20 hewa huongezeka theluthi, kutoka 10 hadi juu huongezeka maradufu.

(Kama kuvua kwa mtungi ni halali, waulizeni maofisa wa uvuvi. Mimi nasemea mapafu.)

Basi pandeni polepole, mkipumua kama kawaida. Hewa ikikuishia chini, usiteme kifaa cha mdomoni. Panda ukitoa sauti ya “aaa” mpaka juu. Pumzi haitakatika, maana hewa ya ndani inazidi kutanuka.

Nanyi mnaobaki mashuani: aliyeibuka akikohoa damu, akichanganyikiwa au akipooza upande, mlazeni chali, mkimbizeni hospitali, mkaseme alizamia kwa mtungi. Msimrudishe majini.

Mzee wenu