Barua kwa mwanangu aliyevishwa medali Beni

Mwanga, Kigoma.

Mwanangu mpendwa,

Mama yako na wadogo zako wanakusalimu, na sote tu wazima. Picha ya gwaride la medali la walinda amani huko Beni, Kongo, imetufikia pamoja na swali lako: ina thamani gani medali ambayo mpishi, dereva na askari wa doria wamevishwa siku moja, bila tofauti yoyote?

Thamani yake imo humo humo katika hilo unalolitilia shaka. Tangu kanuni zake zilipotolewa mwaka 1959, medali ya Umoja wa Mataifa haikukusudiwa kupima ushujaa wa mtu, bali kuthibitisha kwamba alikuwa kazini katika misheni kwa muda uliowekwa, ambao kwa kawaida ni siku 90. Dereva anayepeleka maji na chakula kwenye barabara za kuviziwa anazihesabu siku hizo kama wewe unavyozihesabu, na sioni kwa nini utepe wake uwe mwembamba kuliko wako. Atakayerudi katika misheni ileile kwa kipindi kingine hapewi medali ya pili. Huongezewa tarakimu juu ya utepe.

Na utepe ndio wa kutazamwa. Nimeitoa yangu ya Darfur kabatini nikailinganisha na picha yako: shaba ni ileile, nembo ya Umoja wa Mataifa ni ileile, na tukizivua tepe zote mbili hakuna atakayejua ipi ilitoka Sudan na ipi ilitoka Kongo. Hata waliotumwa Kongo miaka ya 1960 walivaa kwanza utepe wa waangalizi wa Mashariki ya Kati, wa buluu na mistari miwili myeupe, ukiwa na kipande cha chuma kilichoandikwa jina la Kongo, kabla ya kupatiwa utepe wao wenyewe mwaka 1963.

Naandika haya kwa sababu mjomba wako anawatangazia watu sokoni kwamba umetunukiwa kwa kuwateka waasi kwa mikono mitupu. Hapa Kigoma, ambapo Kongo iko ng'ambo ya ziwa tu na wengi wana ndugu waliokimbia vita huko, uongo wa namna hiyo hauchukui muda kuumbuka. Ukija likizo, mkanushe wewe mwenyewe, kwa adabu.

Ushujaa una medali yake. Inaitwa kwa jina la Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, mwangalizi asiye na silaha ambaye mwaka 1994 aliwapitisha raia wengi wa Rwanda katika vizuizi vya wauaji hadi alipouawa kwa kombora tarehe 31 Mei. Baraza la Usalama liliianzisha mwaka 2014, na hutolewa kwa nadra sana. Iko nyingine ambayo sikuombei. Hiyo ni ya waliofia kazini katika misheni, nayo inaitwa kwa jina la Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyekufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola mwaka 1961 akiwa safarini kwa ajili ya Kongo hiyohiyo. Ni ya kioo, haina utepe wala pini, kwa kuwa hakuna kifua cha kuivaa: huchorwa jina la marehemu na tarehe aliyofariki, kisha hukabidhiwa familia. Wenzetu wa JWTZ waliouawa Semuliki tarehe 7 Desemba 2017 ni wa daraja hilo, nao walikwenda Kivu Kaskazini kwa kazi ileile unayoifanya.

Kuhusu kuivaa, medali kamili ni ya gwaride na sherehe. Siku nyingine utepe mdogo unatosha, na nishani za taifa hutangulia za misheni. Usiipake dawa ya kung'arishia shaba ikiwa bado iko kwenye utepe, maana rangi zitaharibika. Cheti chake usikikunje; kitie kwenye bahasha ngumu uje nacho, nikihifadhi pamoja na changu.

Ni mimi baba yako.