Kwa somo yangu: kabla hujakubali kuwa mjumbe

Umoja, Nairobi

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Barua yako imenifikia salama, na ya nyumbani nitakueleza siku nyingine, kwa sababu hili la kuombwa uwe mjumbe limenikaa kichwani na sitaki likuchachie.

Umesema wazee wa chama wamekuja kwako Malindi wakitaka uiwakilishe wadi yenu kwenye kongamano la kumteua mgombea urais. Kazi ni ya siku moja, nauli na chakula juu yao. Huoni ubaya, lakini huoni maana pia. Halafu ukauliza mbona Wamarekani wanahangaika miezi mitano kwa jambo ambalo sisi tunalimaliza pale uwanja wa Kasarani, Nairobi, kabla ya magharibi. Acha nianze na la Wamarekani.

Unaikumbuka Januari ya 2008. Alhamisi ya tarehe 3, ODM, chama cha Raila Odinga, walikuwa wameitisha mkutano Uhuru Park, na polisi wakauzingira uwanja. Mabomu ya vitoa machozi yalikuwa yakisikika mjini, maduka yamefungwa, na Jogoo Road haikuwa na matatu. Usiku ule hakuna aliyelala vizuri. Alfajiri ya Ijumaa redio ikasema Barack Obama ameshinda jimbo la Iowa katika mchujo wa chama chake cha Democrats, yaani kura za wanachama za kumpata mgombea urais. Jirani yangu akafungua mlango kuniuliza kama nimesikia, na tukasimama pale kwenye ngazi tukijaribu kuelewa maana ya habari ile katika wiki kama ile. Huku kwetu watu walikuwa wanauana kwa sababu ya kura ambazo hawakuamini zilihesabiwa. Kule mtoto wa mtu wa Kogelo alikuwa ameshinda kura ambazo kila aliyekuwemo ukumbini aliziona.

Nasema aliziona kwa sababu ndivyo Iowa walivyofanya. Jioni moja ya baridi kali wanachama wanakusanyika kwenye kumbi za shule na makanisa, kila mtaa na ukumbi wake. Wanaomtaka Obama wanasimama kona hii, wa Hillary Clinton kona ile, wa John Edwards upande wa pili. Wanahesabiwa mbele ya macho ya kila mtu. Katika kumbi nyingi, kundi lisilofikisha asilimia 15 linavunjwa, na watu wake wanaombwa na majirani zao wajiunge na kundi jingine. Hapo ndipo maneno yanapopamba moto, mtu na mwalimu wa mtoto wake, mtu na muuza duka wake. Kisha wanahesabiwa tena. Usiku ule Obama alipata karibu asilimia 38 ya wajumbe wa jimbo, Edwards akamfuata, na Clinton, ambaye wengi walikuwa wamekwisha kumpa ushindi, akawa wa tatu kwa tofauti ndogo mno.

Mimi na wewe tunaijua foleni ya namna hiyo. Mlolongo wa 1988, chama ni KANU peke yake, watu wamepanga mstari nyuma ya picha ya wanayemtaka awe mbunge. Aliyepita asilimia 70 alihesabiwa kuwa amechaguliwa moja kwa moja, haendi kwenye kura ya siri. Na tulishuhudia mistari mifupi ikitangazwa kuwa mirefu mchana kweupe. Kwa hiyo usiniambie Wamarekani wana utaratibu mzuri kuliko wetu. Kusimama hadharani ni kusimama hadharani, na kuna mabaya yake. Tofauti ni kwamba pale Iowa aliyeshindwa alikuwa na watu wake ndani ya ukumbi wakati wa kuhesabu, na namba iliyotangazwa mle ukumbini ndiyo waliyoihesabu. Mlolongo ulikosa hilo moja tu, na kwa kulikosa ukaiharibu nchi kwa miaka.

Siku tano baada ya Iowa ilikuwa New Hampshire. Kura za maoni zilimpa Obama, na Clinton akashinda. Mwisho wa Januari Obama akachukua South Carolina kwa zaidi ya nusu ya kura. Tarehe 5 Februari majimbo zaidi ya ishirini yakapiga kura siku moja, wakatoka karibu sare. Februari iliyobaki ikawa ya Obama mfululizo. Machi Clinton akaibuka Ohio, Aprili akaibuka tena Pennsylvania. Katikati yalizuka maneno ya mchungaji wa zamani wa Obama, Jeremiah Wright, yakakaribia kumzamisha, naye akasimama Philadelphia tarehe 18 Machi akazungumza juu ya rangi na nchi yake kwa uwazi ambao sidhani angeuonyesha kama asingebanwa. Hiyo ni faida ya safari ndefu ambayo watu huisahau. Mgombea anabanwa na wenzake wa chama kabla hajabanwa na wapinzani, na wapiga kura wanamwona akibanwa.

Jambo linalowachanganya wengi, hata wale wanaobishana kila siku pale bustani ya Jeevanjee, ni kwamba kura zile hazimteui mtu moja kwa moja. Zinagawa wajumbe. Kwa Democrats, jimbo halimpi mshindi wajumbe wote. Wanagawanywa kwa kiwango cha kura, mradi mtu amefikisha asilimia 15. Ndiyo maana Clinton alishinda majimbo makubwa na bado hakuweza kuziba pengo, kwa kuwa mwenzake alikuwa akiondoka na wajumbe wake hata pale aliposhindwa. Republicans, wapinzani wao, mwaka ule walikuwa na majimbo mengi ambapo mshindi anabeba wote, na John McCain akawa amemaliza kazi yake mwanzoni mwa Machi. Kwa Democrats, juu ya hao wa kura walikuwepo vigogo wa chama, maseneta na magavana na wengine, ambao ni wajumbe kwa vyeo vyao na wanaweza kumuunga wamtakaye. Hilo la vigogo lilinikera wakati ule na linanikera hadi leo. Nashukuru kwamba mwaka 2018 chama kiliwazuia wasipige kura katika duru ya kwanza pakiwa na ushindani.

Florida na Michigan ziliharakisha tarehe zao kinyume na kanuni, chama kikazinyang'anya wajumbe wote. Clinton alishinda kote kuwili, na Michigan jina la Obama halikuwa hata kwenye karatasi. Ugomvi ule ungeweza kukivunja chama. Mwisho wa Mei kamati ya kanuni ikakaa mbele ya kamera, watu wakipiga kelele ukumbini, ikaamua kila mjumbe wa majimbo hayo ahesabiwe nusu kura. Hakuna aliyefurahi, lakini wote walijua kanuni iliyovunjwa ilikuwa imeandikwa kabla ya mchezo kuanza. Tarehe 3 Juni Obama akavuka idadi iliyotakiwa. Tarehe 7 Clinton akasimama Washington akawaambia wafuasi wake wamuunge mkono. Na kule Denver, kwenye kongamano la chama la Agosti, wajumbe wakiwa wanaitwa jimbo kwa jimbo kutoa kura zao, ni Clinton mwenyewe aliyesimama na wajumbe wa New York akaomba hesabu isimamishwe na Obama apitishwe kwa sauti moja.

Hebu litafakari hilo, somo. Vifijo vilikuja mwisho, baada ya hesabu, na aliyeviomba ni aliyeshindwa.

Tunaambiwa tangu utotoni kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni kweli, lakini tumeligeuza kuwa fimbo ya kuwachapia wanaolalamika. Mtu anaweza kukubali kushindwa akiwa amekuona kushindwa kwenyewe kituo kwa kituo, kwa kanuni alizozisoma kabla ya kuingia. Ukimwambia tu kwamba wakubwa wameafikiana, hujamshinda. Umemfukuza, na kesho ataondoka na watu wake.

Nasi tumeliona hilo Kasarani. Oktoba 2002 KANU walimwidhinisha Uhuru Kenyatta, ambaye Mzee Moi alikuwa amemtaja miezi kadhaa nyuma. Kina Raila Odinga, Kalonzo Musyoka na George Saitoti walikuwa wakidai kura ya siri. Haikupatikana, wakagura chama, na siku ileile Uhuru Park ukapigwa mwangwi wa “Kibaki tosha”. Wewe ulikuwa ukilia kwa furaha, nami pia. Lakini tuseme ukweli: lile nalo halikuwa mchujo. Lilikuwa neno la mtu mmoja, Raila, likapokewa kwa nderemo. Desemba likazaa matunda, Mwai Kibaki akapata karibu asilimia 62. Ila walipoanza kuzozana serikalini juu ya makubaliano yao, hakuna aliyekuwa na hesabu ya kumwonyesha mwenzake kwamba nguvu yangu ni hii na yako ni hii.

Linganisha na Septemba mosi 2007, ukumbi uleule. ODM walileta masanduku. Raila alipata kura 2,656, Musalia Mudavadi 391, William Ruto 368. Lilikuwa pengo kubwa mno, na hata hivyo wale wawili hawakuondoka. Mudavadi akawa mgombea mwenza, Ruto akampigia debe Raila Bonde la Ufa lote. Siku moja ya masanduku, kwa wajumbe tu, ilitosha kuwashikamanisha hadi uchaguzi. Yaliyotokea baada ya uchaguzi wa Desemba yalitokana na hesabu nyingine kabisa, na hiyo hatukuiona.

Baada ya hapo tumerudi nyuma. Machi 2022 muungano wa Azimio ulimwidhinisha Raila uwanja wa Jamhuri, na siku tatu baadaye chama cha UDA kikamwidhinisha Ruto Kasarani. Kokote kule hakukuwa na jina la pili kwenye karatasi. Kifungu cha 91 cha Katiba kinavitaka vyama vifuate demokrasia ndani mwao, na vyama vinajibu kwa kukodi mahema na spika.

Sasa usidhani Wamarekani walizaliwa hivyo. Mwaka 1968 Hubert Humphrey wa Democrats aliteuliwa Chicago bila kugombea mchujo wa jimbo hata moja. Vigogo walikwisha kukubaliana, huku nje polisi wakiwapiga vijana kwa marungu. Akashindwa na Nixon. Baada ya aibu ile ndipo chama kikaunda tume ya kuandika upya kanuni, na kuanzia 1972 kura za wanachama zikawa ndizo zinazoamua wajumbe. Na hata leo wanaweza kuteleza: mwaka 2024 Joe Biden alishinda mchujo karibu peke yake, akajiondoa Julai, na Kamala Harris akapitishwa na wajumbe bila kukutana na mpiga kura wa mchujo. Akashindwa Novemba. Sisemi alishindwa kwa hilo tu, ila wapo waliomwona kama mgombea aliyekabidhiwa tikiti, na lawama hiyo hakuweza kuijibu.

Nimelifikiria sana hili la sisi kuwa na mchujo wa urais kaunti kwa kaunti, sasa ambapo kila mtu anazungumzia mgombea mmoja wa upinzani na kila kigogo anadai yeye ndiye anayekubalika. Ningependa tuanze Lamu, twende Turkana, tumalizie Nairobi, wagombea wakijibu maswali ya kila mahali. Kikwazo kikubwa kinaitwa sajili. Mwaka 2021 Msajili wa Vyama alipotuwezesha kujikagua mtandaoni, nilijikuta mwanachama wa chama ambacho sijawahi kukanyaga mkutano wake, jina langu na nambari ya kitambulisho vimeandikwa kwa usahihi kabisa. Maelfu walijikuta hivyohivyo. Chama kisichojua wanachama wake ni nani kitawahesabu vipi? Ndipo unapoona mchujo wa viti vya chini unaishia kwa fujo na vyeti viwili vya uteuzi kwa kiti kimoja, kisha wote wanakimbilia mahakama ya mizozo ya vyama.

Kwa hiyo ukubali ujumbe, ndiyo maoni yangu, lakini kwa masharti. Waombe sajili ya wanachama wa wadi yenu, uone kama majirani unaowafahamu wamo na kama wanajua wamo. Waulize nani amekuchagua wewe, maana mjumbe aliyeteuliwa na wazee watatu anawakilisha wazee watatu. Itisha mkutano hata wa watu thelathini chini ya mwembe, wakuchague au wakukatae. Na waandike mapema kama siku hiyo kutakuwa na karatasi za kura na masanduku, majina mangapi, na nani atakuwepo wakati wa kuhesabu. Wakisema utainua mkono tu, waambie mkono wako una kazi nyingine.

Nauli yao usiichukue. Nitakutumia kwa M-Pesa, na utalala kwangu. Kutoka hapa hadi Kasarani si mbali, tutaondoka mapema kabla msongamano wa Outer Ring haujaanza. Niandikie wakishakujibu kuhusu sajili, na kama wanayo, ninakilie hata ukurasa mmoja tuusome pamoja.

Wako,
Somo yako wa Umoja