Mama, kadi ya mchango ibadilishwe

Houston, Jumapili

Mama,

Shikamoo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikia, na kadi aliyotuma Shangazi nimeiona. Mimi mzima, kazi ipo.

Sasa nani kaiambia kamati niandikwe milioni tatu? Mdogo wangu anaolewa, nitachanga kwa furaha. Ila kadi inasema "Dkt. Rehema na mwenza". Mwenza gani? Halafu Ba'mdogo naye, nasikia, anawatangazia watu hapo Temeke kwamba huku nafagia thieta ya hospitali. Mmoja ananipandisha, mwingine ananishusha, na hakuna aliyeniuliza.

Mimi si daktari, Mama. Daktari wa usingizi ndiye anayemlaza mgonjwa na kumwamsha. Mimi ni fundi wa mashine anayoitegemea. Kabla mgonjwa hajaingizwa nimeshaipima kama inavuja, nimekagua mtungi wa oksijeni ya akiba, nimebadilisha chokaa inayonasa hewa chafu anayotoa mgonjwa. Ile nyeupe ikigeuka zambarau, imechoka. Kukiwa na mgonjwa ambaye mpira wa kupumulia haupiti kirahisi, daktari anageuka tu, kamera ya kuonea koo ipo mkononi mwangu. Kuna mzee mmoja hapa, hasifu mtu. Wiki iliyopita kasema mbele ya wote kwamba nisipokuwepo yeye haanzi. Hilo mfikishie Ba'mdogo, tena kwa sauti.

Na kile cheti ulichokipikia pilau mtaa mzima, kina mwisho. Kila baada ya miaka miwili ASATT, chama chetu mafundi wa usingizi wa Marekani, kinataka saa 30 za masomo, zenye ushahidi. Hujazifikisha, cheti huna. Juzi usiku nilikuwa nasoma habari za homa inayowapata wagonjwa wachache kwa baadhi ya dawa za usingizi: misuli inakakamaa, joto linapanda, mtu anaweza kufa mezani. Dawa yake ni dantrolini. Ile ya zamani ni unga, chupa moja miligramu 20, unaikoroga na mililita 60 za maji, na mtu mzima anahitaji chupa nyingi. Kila mwenye mkono anakoroga. Unaweza kumaliza miaka kazini usiione, lakini siku ikija hakuna muda wa kufungua kitabu. Kwa hiyo Shangazi akiuliza "bado tu anasoma?", mjibu nitasoma mpaka nistaafu, na ada natoa mwenyewe.

Picha za kitchen party msinitumie usiku. Niliona ile sinia ya vitumbua, nikazima simu.

Natuma laki nne kwenye M-Pesa yako, siyo ya Shangazi. Laki tatu mchango, moja dawa yako ya presha, usiinunulie sare. Na hiyo "Dkt." ifutwe. Wakigoma, waandike "familia" tu.

Mwanao,
Rehema